Nyota wawili wa Morogoro waliozimwa na barabara

Jumapili asubuhi Ngerengere, redio ikipiga zilipendwa, gitaa la Mbaraka Mwinshehe halichelewi kusikika. Mtoto akiuliza, "Baba, huyu bado yupo?" mzazi anapata nafasi ya kumfundisha mambo mawili: muziki na usalama.

Morogoro, mji kasoro bahari, ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana. Ya kwanza ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kijana aliyependa santuri za Cuba na kuanzisha kundi lake la kwanza mwaka 1948. Ya pili ni Morogoro Jazz. Neno "jazi" hapa halikumaanisha muziki wa tarumbeta wa Louis Armstrong wa Marekani. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na saksafoni.

Mbaraka alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na haikupita muda akawa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo aliyeibeba bendi. Mwaka 1970 walikwenda Japani kupiga kwenye maonesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 aliondoka, akaunda Super Volcano. Wimbo wake "Shida" ulipendwa mno, hata nje ya mipaka ya Tanzania.

Wapinzani hao wawili walikutana kwenye jambo moja la huzuni. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Januari 1979 Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na miaka 34. Wote hawakufikisha miaka 40. Nyimbo ambazo wangezitunga hakuna atakayezisikia.

Hatari hiyo haijaisha. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Familia ya Ngerengere inayokwenda mjini Morogoro kwa SGR imepunguza safari ya barabarani. Anayekwenda kwa gari afanye haya:

Fungeni mikanda, hata safari ikiwa fupi. Kwa abiria wa mbele, mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo hadi nusu.

Usimpakate mtoto kiti cha mbele. Gari likigonga kitu, mikono ya mzazi haiwezi kumzuia. Akae nyuma, kwenye kiti cha watoto kama kipo.

Dereva akikimbiza gari, au akishika simu, mwambie. Abiria wengine watakuunga mkono.

Ajali ikitokea, piga 112. Anayevuja damu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe, isipokuwa gari linaungua au kuna hatari nyingine kubwa.

Mwisho, mwenye afya njema achangie damu. Majeruhi wa ajali huihitaji ndani ya dakika chache, na hospitali haiwezi kumwongezea damu ambayo haikuchangwa kabla.

Mtoto akiuliza tena kuhusu Mbaraka, mwambie alivyopiga gitaa. Kisha mfunge mkanda.