Bunduki ya kwanza haichaguliwi kwa ukubwa wa mlio

JEZI ya Arsenal huwezi kuikwepa. Iko Kariakoo, iko Kilindoni, na hata ukipanda kaskazini mpaka ncha ya Kisiwa cha Mafia, kule Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa wa mwaka 1892 enzi za Mjerumani, usishangae kukutana na kijana aliyeivaa. Mashabiki wachache tu ndio wanaojua kwamba jezi hiyo imewahi kuchukua medali ya Olimpiki.

Ilikuwa Rio de Janeiro, Agosti 2016. Abdullah Al-Rashidi, mlenga shabaha wa Kuwait aliyekuwa na miaka 52, aliingia uwanjani na bunduki yake begani na jezi ya Arsenal mwilini. Nchi yake ilikuwa imefungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, hivyo hakuruhusiwa kuvaa rangi za Kuwait. Akavaa za Washika Bunduki, akaondoka na shaba. Miaka mitano baadaye, Tokyo, akiwa na miaka 57, akabeba shaba nyingine, safari hii kwa jina la nchi yake.

Kama hiyo haitoshi, kuna San Marino. Kwa mpira, hao ni wale ambao mwaka 2006 walipigwa 13-0 na Ujerumani tena nyumbani kwao. Ni nchi ya watu takriban 34,000. Sensa ya 2012 ilikuta Mafia watu 46,438, na tangu hapo wameongezeka. Kwa maneno mengine, San Marino nzima ingeingia Mafia na nafasi ikabaki.

Lakini kwenye michezo ya Tokyo, Julai 2021, Alessandra Perilli aliipatia San Marino medali yake ya kwanza katika historia ya Olimpiki, shaba ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani. Siku mbili baadaye akaongeza fedha akiwa na Gian Marco Berti. Silaha yao ilikuwa bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani.

Kwa hiyo kijana wa Ras Mkumbi akiuliza, "Nikitaka kuanza mchezo huu, nianze na bunduki gani?", asichekwe. Ila jibu lake si lile analolitarajia.

JICHO KABLA YA BUNDUKI

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia bunduki kabla ya kujijua. Kwenye mpira kuna wa mguu wa kulia na wa kushoto. Kwenye shabaha kuna jicho la kulia na la kushoto, na si lazima jicho lifuate mkono.

Kipimo chake ni bure. Kijana asimame mbali, anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja abakize tundu dogo katikati, kisha autazame mnara wa taa kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Halafu afumbe jicho la kushoto. Mnara ukibaki ndani ya tundu, jicho lake kuu ni la kulia. Ukitoweka, ni la kushoto.

Mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto atakosa visahani siku nzima huku akiilaumu bunduki. Wakufunzi wengi humshauri mtu wa namna hiyo ajifunze kuweka kitako kwenye bega la kushoto tangu siku ya kwanza, kabla mwili haujazoea vibaya.

BUNDUKI NI KAMA KIATU

Hakuna mchezaji anayenunua kiatu namba 44 kwa sababu ni kikubwa, wakati mguu wake ni 41. Bunduki ya marisau ni hivyo hivyo. Mlengaji wa bunduki hii hatulii akalenga kama mwenye raifo. Anakitazama kisahani, anakifuata, anafyatua. Mtutu unakwenda kule jicho linakokwenda, ila kwa sharti moja: bunduki imkae.

Kipimo hiki hufanyika dukani, muuzaji akiwa ameshaifungua bunduki na kuonyesha kwamba haina risasi. Mnunuzi anafumba macho, anaipandisha begani, shavu linagusa kitako, kisha anafumbua. Jicho likijikuta limelala sawa juu ya mtutu, bunduki inamfaa. Ikibidi avute shingo, ainue kichwa au asogeze bega ndipo aone mbele, hiyo ni ya mtu mwingine hata ikiwa nzuri vipi.

Uzito nao una siri yake. Watu hudhani kwamba mwenye mwili mdogo apewe bunduki nyepesi. Kumbe kwa risasi ileile, bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke kali zaidi begani. Anayeanza akipigwa mateke kumi ya nguvu, la kumi na moja analisubiri kwa kufumba macho. Ni kama kipa chipukizi aliyepigwa mpira wa uso: kila shuti linalofuata anageuza kichwa. Tabia hiyo kuiondoa ni kazi.

GEJI 12 AU 20?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Namba ikiwa kubwa, tundu la mtutu ni dogo. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa geji 20 unakaribia 15.6.

Kwa anayelenga Olimpiki, geji 12 ndiyo bunduki ya kazi, na risasi ya mashindano hubeba gramu 24 tu za marisau. Kiasi hicho ni kidogo. Kwa hiyo anayeanza na geji 12 yenye uzito wa kutosha na risasi hizo laini hateseki. Geji 20 inamfaa mwenye mwili mdogo, alimradi asipewe iliyo nyepesi mno.

Kuna hatari moja ya kukumbuka. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa geji 12, huteleza ikakwama mbele. Mtu akiona chumba kitupu, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mikononi. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Risasi za aina mbili hazikai mfuko mmoja, basi.

Kuhusu umbo, kwenye visahani inayotawala ni ile ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, inayokunjika katikati. Ikifunguliwa, kila aliye jirani anaona kama ina risasi au haina. Zipo pia zinazojikoki zenyewe, na teke lake ni la upole. Zile za kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele haziruhusiwi kwenye mashindano ya Olimpiki.

Cha mwisho ni mdomo wa mtutu. Ukibanwa, marisau huenda yameshikana, na hilo husaidia kwenye trapu, ambako kisahani kinamkimbia mpigaji. Ukiachwa wazi, marisau hutawanyika mapema, na hilo linafaa kwenye skiti, ambako kisahani kinapita karibu. Anayeanza achague mdomo ulio wazi kuliko uliobanwa sana.

ILE YA BABU

Wapo watakaosema ya nini kununua, wakati nyumbani iko ile ya marehemu babu. Hapo kuna matatizo mawili. Bunduki iliyokaa miaka karibu na bahari huliwa na chumvi kwa ndani, na mitutu mingine ya zamani haikutengenezwa kuhimili risasi za leo. Bila fundi mwenye leseni kuikagua, isifyatuliwe. Tatizo la pili ni la kisheria: leseni ya babu ilikuwa ya babu. Silaha ya marehemu inapelekwa polisi kwanza, mengine yanafuata. Na gobore la kuchongesha mtaani halimo kabisa kwenye mazungumzo haya.

LESENI KWANZA

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na cheti cha umahiri, yaani amefundishwa na akafuzu. Kwa hiyo anayetafuta bunduki anatafuta mwalimu kwanza, kisha polisi, duka linakuja mwisho. Mchezaji akicheza bila leseni, timu inapokwa pointi. Huyu atakwenda jela.

Kijana wa miaka 20 asikate tamaa kusikia 25. Adriana Ruano wa Guatemala alikuwa mwanajimnastiki mpaka jeraha la mgongo likamtoa. Akahamia kwenye bunduki, na Paris 2024, akiwa na miaka 29, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Perilli naye aliikosa medali London 2012 kwenye mapigo ya kuamua, sawa na kukosa penalti ya mwisho. Alisubiri miaka tisa.

Na kusubiri si kukaa bure. Kijana wa Ras Mkumbi anaweza kuanza leo na fimbo ya mvinje. Aipandishe begani mara hamsini kila jioni, shavu likigusa palepale. Amfuate kunguru anayeruka kwa ncha ya fimbo, ampite kidogo mbele, kwa sababu straika anayekimbia hapigiwi pasi miguuni, anapigiwa mbele yake. Na hata ikiwa fimbo, azoee kutoielekeza kwa mtu na kutoweka kidole mahali pa triga mpaka wakati wa kupiga.

Siku atakapokabidhiwa bunduki ya kweli, mikono itakuwa imeshajifunza. Kisahani kikikosewa, kinarushwa kingine. Mtu akipigwa, hakuna marudiano.