Munkoyo na hamira: kwa nini kinywaji cha nyumbani kinageuka pombe

Munkoyo ya leo asubuhi mtoto anaweza kukunywa. Kesho kutwa, ile ile ndobo inalewesha mtu mzima. Katika komini ya Manika, hapa Kolwezi, kinywaji hiki kinapikwa nyumbani na kinauzwa kwa kopo, kwa hiyo inafaa kujua kitu gani kinakigeuza.

Yote inaanza na unga ya mahindi. Unga iko na wanga, lakini chachu haili wanga, inakula sukari. Basi kwanza wanga lazima ugeuke sukari. Wabelgiji, kwa kupika bia, wanaotesha shayiri halafu wanaikausha. Mbegu ikiota, inatoa vimeng'enya, ni kusema vitu vinavyokata wanga kuwa sukari. Wamama wa Katanga wanapitia njia ingine: mizizi ya mimea ya pori, kama vile Rhynchosia na Eminia. Wanaiponda na kuitia ndani ya uji uliopikwa na kupoa kidogo. Kisha saa chache, uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Ukitia mizizi wakati uji unachemka, moto unaharibu nguvu yake.

Kisha viumbe vidogo vinaingia kazini. Bakteria zinaleta uchachu. Chachu ya pori inageuza sukari kuwa alkoli na gesi. Hata Ubelgiji, karibu na Brussels, bia ya lambic inachacha na chachu inayotoka hewani, bila mtu kuitia.

Anayetaka haraka anatia hamira kavu, ile ya mkate. Ni jamii moja na chachu inayopika bia nyingi za Ubelgiji: Saccharomyces cerevisiae. Inapenda uvuguvugu, ndani ya uji unaochoma mkono, inakufa.

Lakini hamira inabadilisha hesabu. Munkoyo ya kawaida inaonya mnywaji: inakuwa chachu polepole, na mtu anajua imekaa. Hamira inatoa alkoli mbio, mbele uchachu haujafika. Ulimi unasikia utamu tu, kumbe pombe iko ndani. Mama mwenye mimba, mtoto, ao dereva wa pikipiki anaweza kukunywa bila kujua.

Hatari ya pili ni chupa. Chachu ikiwa na sukari ingali, inaendelea kutoa gesi. Ukifunga chupa sana na kuiacha juani, inaweza kupasuka. Watengenezaji wa bia za Ubelgiji zinazochachia ndani ya chupa wanapima sukari na wanatumia chupa nene. Nyumbani, afadhali kufunika na kitambaa safi mpaka mapovu yaishe.

Hatari ya tatu ni chombo. Bido ao pipa iliyobeba asidi ao dawa za mgodi haifai kwa kinywaji hata kidogo, hata ikioshwa mara ngapi. Maji ya kuongeza nyuma ya kupika yachemshwe kwanza, sababu uchachu wa siku ya kwanza bado hauna nguvu ya kuua vijidudu vyote.

Kwa muuzaji, kazi si kubwa: kuandika siku ya kupika juu ya ndobo, na kuambia mteja kama hamira imetiwa. Kwa mnunuzi, ni kuuliza maswali mawili hayo mbele ya kupatia mtoto kopo.