Dozi Moja Iliyopimwa Mwanza

Mwaka 2017, watafiti jijini Mwanza walianza kuwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Walitaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha badala ya mbili au tatu.

Miaka miwili baadaye, karibu wote waliochanjwa mara moja walikuwa na kingamwili.

Kwa nini wasichana, tena wadogo? Kirusi huenea kwa kujamiiana, na chanjo hufaa zaidi ikitangulia maambukizi. Wavulana nao huambukizwa, ila saratani huwaelemea zaidi wanawake.

Aprili 2024 Tanzania ilihamia dozi moja. Kwa muuguzi anayepeleka chanjo visiwani Ukerewe, safari ya pili kwa msichana yuleyule imefutika.