Jina la Faili Lina Kikomo: Ushauri kwa Waandishi wa Tasnifu

Mwanafunzi analeta tasnifu yake kwenye flashi. Msimamizi anainakili katika kompyuta yake: sura ya 1 hadi ya 3 zinaingia, ya 4 inakataliwa. Wote wawili wanashuku virusi. Huenda kosa ni urefu wa jina.

Katika MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, jina la faili lilikuwa na herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 za kutaja aina ya faili, mithili ya kiambishi tamati. Hata neno "uchambuzi", lenye herufi 9, halikuenea. Windows 95, mwaka 1995, iliruhusu hadi herufi 255, ila kwa ajili ya programu za zamani ilihifadhi pia jina fupi. Hivyo "Uchambuzi wa riwaya" na "Uchambuzi wa ushairi" katika folda moja yaligeuka UCHAMB~1 na UCHAMB~2.

Kwa nini basi faili ikataliwe leo? Kwa sababu programu nyingi za Windows huhesabu anwani nzima ya faili: diski, folda zote, mikwaju na jina lenyewe. Jumla isifikie 260. Faili iliyotulia kwenye flashi huweza kuvuka kipimo ikiingizwa ndani ya folda tano za msimamizi. Tangu mwaka 2016, Windows 10 inaruhusu kikomo hiki kiondolewe, lakini sharti mtumiaji abadilishe mpangilio, na si programu zote zinazoufuata.

Wanaohifadhi miswada ya Kiswahili kwa majina ya hati za Kiarabu wana jambo la ziada. Mfumo wa ext4, unaotumika sana katika Linux, hupima baiti 255, si herufi. Kwa kawaida herufi ya Kilatini huchukua baiti 1, ya Kiarabu 2. Nafasi inabaki ya herufi 127 tu.

Ndugu mwandishi, mada ndefu ikae kwenye jalada la tasnifu. Kwenye faili, "Tasnifu_Sura4.docx" yatosha. Punguza folda ndani ya folda. Na baada ya kunakili, fungua kila sura uione kwa macho kabla ya kufuta nakala ya kwanza. Kazi ya miaka miwili isipotee kwa sababu ya jina.