Mtafiti Akiondoka, Ugonjwa Hubaki

Mwaka 1931, wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, jirani na mtaa wa Loresho jijini Nairobi, walitangaza kirusi kilichokuwa kikiua wana-kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Ugonjwa huo ndio homa ya Bonde la Ufa. Mifugo hutupa mimba, na binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu au kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya Wakenya 150.

Hadi leo, utafiti wa mifugo nchini una kitovu chake hapa. Makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, yako Barabara ya Kaptagat, Loresho, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, haiko mbali. Lakini kwa watafiti wa Kenya, swali la kubaki au kuhama limekuwa zito. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Mshahara wa mtafiti kijana mara nyingi hutoka kwenye ruzuku ya mradi. Ruzuku ikikatwa, mkataba nao umekwisha.

Huko nje nako kuna msongamano. Jarida la Nature liliwauliza wanasayansi walioko Marekani, na kati ya zaidi ya 1,600 waliojibu Machi 2025, robo tatu walikuwa wakifikiria kuondoka. Mwezi Mei, Umoja wa Ulaya ulitenga yuro milioni 500 kuwavutia watafiti. Mkenya anayeomba nafasi Ulaya atashindana nao.

Tunapoteza nini akienda? Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa hujificha ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yanayotagwa kwenye udongo wa mabonde yanayofurika kwa msimu. Mayai huvumilia ukame kwa miaka. Mvua kubwa zikijaza mabonde, huanguliwa kwa wingi, na baadhi ya mbu huzaliwa tayari wana kirusi. Kabla ya mlipuko wa 2006, mkubwa uliotangulia ulikuwa wa 1997 na 1998. Ruzuku nyingi hazidumu hata nusu ya muda uliotenganisha milipuko hiyo miwili. Anayehitajika ni mtu wa kupima damu ya mbuzi katika miaka ya utulivu na kutunza sampuli kwenye friza, ili mvua zikija awe na cha kulinganisha.

Kwenda ng'ambo si usaliti. Mtaalamu wa wadudu Mkenya, Thomas Odhiambo, alisomea Cambridge, akarudi, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, ambako wanasayansi wa Kiafrika wamepata maabara na kazi.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Wabunge wakitimiza hata sehemu yake, waanze na mikataba ya miaka kumi kwa wanaofuatilia magonjwa kama haya, kwa sababu huo ndio muda ambao kirusi chenyewe huweza kusubiri.