Mashogi ya pikipiki yasifunike indiketa

DEREVA wa lori anayemfuata mwendeshaji pikipiki katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hana njia nyingi za kufahamu kwamba mwenzake wa mbele anakusudia kukata kulia. Anachotegemea ni taa ndogo ya rangi ya manjano iliyoiva, inayowaka na kuzima nyuma ya pikipiki hiyo. Taa ikifunikwa na mfuko wa mizigo, dereva huenda akaanza kumpita mwenye pikipiki wakati uleule anapoingia upande wa kulia. Hapo hakuna breki itakayofaa kitu.

Wapo wanaoshikilia kwamba ishara ya mkono inatosha. Kwa mwendesha baiskeli, pengine. Katika pikipiki, mkono wa kulia ndio unaozungusha mshiko wa mafuta na kukamata breki ya mbele. Kuunyoosha ili kuonyesha upande wa kulia ni kuviacha vyote viwili kwa pamoja, tena chombo kikiwa kimelemewa na mzigo.

Wakazi wa Lamu wamelijua shogi tangu zamani: mfuko mkubwa unaolazwa juu ya mgongo wa punda, ukaning'inia pande zote mbili. Neno hilo linaifaa kabisa mifuko ya pembeni ya pikipiki, na hakuna sababu ya kuliacha kwa ajili ya majina ya madukani. Tofauti ni kwamba punda hana taa za kufunikwa.

Pikipiki nyingi ndogo, za kati ya 100cc na 150cc, hutoka kiwandani indiketa zake za nyuma zikiwa zimechomoza pembeni, chini kidogo ya mwisho wa kiti. Hapo ndipo hasa shogi linapotaka kukaa. Fundi mwenye haraka huzipinda taa hizo zikatazama chini, au huzibana kati ya mfuko na chuma. Baada ya safari chache kwenye barabara ya changarawe, shina la mpira hukatika, waya huchubuka na kugusa fremu, na fyuzi huungua. Katika pikipiki ambayo fyuzi moja hulinda taa kadhaa, ile ya breki nayo huweza kuzimika, na mwenyewe hana habari kwa kuwa iko nyuma yake.

Kwa sababu hiyo, kazi ianze kwa kuyapima mashogi kabla ya kutoboa chochote. Yawekwe mahali pake yakiwa na mzigo ndani, mtu aketi juu ya kiti, kisha itazamwe nafasi iliyobaki kati ya mfuko na gurudumu, shokamzoba, mnyororo na bomba la moshi. Uzito huishusha pikipiki, na nafasi iliyotosha mfuko ukiwa mtupu huweza kutoweka. Mfuko wa kitambaa uliotupwa tu juu ya kiti huyumba na unaweza kumezwa na gurudumu. Unahitaji chuma cha kuuzuia, kilichofungwa kwa bolti kwenye fremu au kwenye keria.

Bomba la moshi, ambalo katika nyingi ya pikipiki hizi liko upande wa kulia, ni adui mwingine. Nailoni huyeyuka upesi. Iwapo mfuko hauwezi kuinuliwa ukae mbali nalo, bamba la chuma liwekwe katikati, likiwa na upenyo wa hewa pande zote mbili. Aidha, mizigo ya pande mbili ilingane kwa uzito, na vitu vizito viwe chini na karibu na mwendeshaji. Uzito ukirundikana nyuma, usukani huwa mwepesi na taa ya mbele humulika machoni mwa wanaokuja.

Zikishajulikana nafasi za mashogi, ndipo indiketa zitafutiwe makao mapya. Mahali panapofaa ni nyuma ya mifuko: kwenye kishikizo cha kibao cha nambari, au kwenye kipande cha chuma kilichofungwa mwishoni mwa keria. Kanuni nambari 53 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za pikipiki inataka indiketa za nyuma zitenganishwe kwa angalau milimita 180, zikipimwa kutoka kingo zake za ndani, na ziwe kati ya milimita 350 na 1,200 kutoka ardhini. Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha kwa kipimo hicho cha kwanza. Umbali huo una maana yake: taa mbili zilizobanana kando ya taa ya breki huonekana kwa mbali kama taa moja, na anayefuata hawezi kujua ni ya kulia au ya kushoto. Kibao cha nambari nacho kisifichwe.

Katika nyaya ndiko kazi nyingi huharibikia. Kwanza, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Kila waya uwekwe alama ya kulia au kushoto kabla ya kukatwa, kwani indiketa inayodanganya ni mbaya kuliko isiyowaka. Rangi husaidia, lakini kila kiwanda kina zake. Honda, kwa mfano, hutumia rangi ya chungwa kwa upande wa kushoto, samawati hafifu kwa kulia na kijani kwa hasi.

Jambo moja huwasumbua mafundi wengi. Baadhi ya indiketa hazina waya wa hasi, bali umeme hurudi kupitia shina lake la chuma hadi kwenye fremu. Taa kama hiyo ikihamishiwa kwenye madigadi ya plastiki, haitawaka hata balbu ikiwa mpya. Dawa yake ni kuongeza waya kutoka kwenye shina hadi kwenye bolti ya fremu, mahali palipokwanguliwa rangi.

Balbu ya wati 10 katika umeme wa volti 12 hutumia chini ya ampia moja, hivyo waya wa kurefushia si lazima uwe mnene. Muhimu ni kiungo. Kiunganishwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira mwembamba unaonywea ukipashwa moto. Kusokota nyaya na kuzizungushia tepu ni kazi ya siku moja, kwani gundi huyeyuka kwa jua na mvua ikapata njia. Waya upite kando ya fremu, mbali na bomba la moshi, na uachwe ulegee kidogo karibu na shokamzoba.

Wengi huitumia nafasi hii kubadilisha balbu wakaweka taa za LED, kisha hushangaa indiketa zinapopepesa kwa kasi. Rilei ya zamani huona umeme mdogo unaotumika ikadhani balbu imeungua. Iliyo bora ni kununua rilei ya LED. Rezista nayo hufanya kazi, ila hupata moto mkali na haifai kuwa karibu na shogi. Kasi inayokubalika ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na huhesabika kwa saa ya mkononi.

Mwishowe, mashogi yajazwe na mtu mwingine asimame hatua 20 nyuma, kisha atembee pole pole kwenda kulia na kushoto huku taa zikiwaka, mchana na tena usiku. Akizipoteza machoni kabla ya kufika pembeni, zisogezwe nje zaidi. Bolti zote zikazwe upya baada ya kilomita 50 hivi za kwanza, na tope lipanguswe kwenye taa kila mara pikipiki inapotoka kwenye barabara ya vumbi na kuingia kwenye lami.