KADI MPYA YA PICHA NA SKRINI YENYE GIZA

Kompyuta ya mezani si kitu kigeni tena majumbani. Watoto huitumia kwa masomo, wazazi kwa barua na hesabu, na vijana kwa michezo na kuhariri video. Kazi za picha huilemea kompyuta kuukuu, na kwa sababu hiyo familia nyingine hujinyima, zikanunua kadi ya picha na kuipachika zenyewe. Pengine furaha hugeuka simanzi: kompyuta huwashwa, feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki giza tupu. Husemwa upesi kwamba kadi imekufa, na fedha za kununua nyingine huanza kutafutwa. Kumbe mara nyingi kadi ni nzima. Askari ambaye bunduki yake imekwama haitupi; huikagua kwa utaratibu. Kompyuta nayo yadai utaratibu uo huo.

Usalama Kwanza

Kabla ya kufungua sanduku, ni sharti kompyuta izimwe na plagi ichomolewe ukutani. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe. Afunguaye aguse kwanza bati la sanduku, kwa maana umeme tuli unaojikusanya mwilini waweza kuiharibu kadi bila mtu kuhisi lolote. Kisanduku cha kugawa umeme, kiitwacho pawa saplai, kisifunguliwe kamwe: huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa.

Waya na Mkao

Kasoro iliyo nyepesi kuliko zote ni waya wa skrini kuachwa katika tundu la zamani, lililo kwenye bodi kuu. Kompyuta nyingi zikiitambua kadi mpya hulizima tundu hilo. Waya na uhamishiwe kwenye kadi yenyewe.

Giza likizidi, kompyuta izimwe tena, kadi ichomolewe na kukandamizwa upya kwa usawa, mpaka kibano cha mwisho wa sloti kifunge. Ndipo ikazwe kwa skrubu.

Njaa ya Umeme

Sloti ndefu ya PCI Express huipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi yenye kuhitaji zaidi huwa na soketi yake: ya pini 6 huongeza hadi wati 75, na ya pini 8 hadi wati 150. Soketi hiyo ikiachwa tupu, feni zaweza kuzunguka na picha isionekane.

Wanunuzi wa kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini ndio hunaswa zaidi. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, katika umbo lake refu, ilitoka na pawa saplai ya wati 275 tu. Kadi ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 ilipimwa kutumia wati 75. GTX 1060 ya mwaka 2016 hutumia wati 120, na hivyo haiwezi kuridhika na sloti peke yake. Hapana budi kibandiko cha pawa saplai kisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kuungaunga waya kutoka plagi za diski si dawa. Plagi hizo zikilemewa huyeyuka na zaweza kuwasha moto nyumba yenye watoto waliolala.

Picha Ikitokea Kisha Ikapotea

Nembo ikionekana wakati wa kuwasha, kisha giza likaingia Windows inapofunguka, aghalabu kosa ni la programu endeshi, iitwayo draiva. Kompyuta ifunguliwe katika hali ya usalama, draiva ya zamani iondolewe, na ile ya kadi mpya ipatikane kwa mtengenezaji, awe NVIDIA, AMD au Intel.

Hukumu ya Mwisho

Yote yakishindikana, kadi itolewe na waya urudishwe katika tundu la zamani. Picha ikirejea, kompyuta ni salama. Kadi nayo ijaribiwe katika kompyuta ya jirani yenye umeme wa kutosha. Ikigoma na huko, irudishwe dukani pamoja na stakabadhi. Kwa hiyo stakabadhi na itunzwe tangu siku ya kwanza: mali bila daftari huisha bila habari.